Nani Hapa Hana Mama?

Siku ya kwanza ya kuwa mwigizaji wa serikali nilipewa rifleksa, ile fulana ya kung'aa ya rangi ya chungwa, buti za mpira na karatasi ya kutia sahihi. Buti nilizirudisha. Karani akanisukumia tena, akasema kila mfanyakazi wa mradi ana buti, na fomu yake haikuwa na mahali pa kuandika kwamba mtu amezikataa. Nikazibeba mpaka chumbani kwangu mtaa wa Satellite, nikazisukuma chini ya kitanda, na sikuwahi kuzivaa.

Mradi wenyewe haukuanzishwa kwa ajili yetu. Uchumi ulikuwa umelala chali, na serikali ikaamua kuwaandika watu wasio na kazi wazibue mitaro, wafyeke nyasi na wapake rangi kingo za barabara. Sisi waigizaji tuliongezwa mwishoni, baada ya mtu fulani katika ofisi fulani kukumbuka kwamba sisi pia tunakula. Kabla ya hapo niliishi kwa tamthilia za shule, zile za kuwaigizia wanafunzi wa sekondari vitabu vyao vya mtihani. Mabasi yalipanga foleni nje ya ukumbi wetu katikati ya jiji, na watoto walipiga kelele mpaka ukasahau maneno yako. Kisha shule zikaacha kuwaleta. Makampuni nayo yakaacha kutuita kwenye sherehe zao. Ukumbi ukakodishwa na kanisa, kwanza Jumapili tu, baadaye wiki nzima. Nilikuwa na miaka arobaini na miwili, sina mke, sina mtoto, na kazi pekee niliyoijua ilikuwa kujifanya mtu mwingine mbele ya watu.

Fomu za mradi zilikuwa zilezile za mitaro. Msimamizi wetu alikuwa msichana wa kutoka Machakos aliyemaliza chuo juzi juzi, na sote tulimwita madam ingawa wengi wetu tungeweza kumzaa. Kila jioni alitakiwa kujaza urefu wa kazi iliyofanywa, kwa mita. Wiki ya kwanza aliandika sufuri. Akapigiwa simu kutoka ofisini, akaambiwa watu wa sufuri hawalipwi. Tangu siku hiyo akawa anapima kwa hatua, kutoka tulipoigizia mpaka benchi la mwisho, na hizo ndizo mita alizoandika. Watu wakijaa, tulikuwa tumezibua mtaro mrefu. Nilimpenda kwa hilo, ingawa sikumwambia.

Saa mbili asubuhi tulitia sahihi, saa kumi jioni tukatia tena. Mchezo ulikuwa wa dakika arobaini, kwa hivyo tuliurudia mara nne kwa siku: nje ya zahanati, pembeni mwa soko la Kawangware, katika kumbi za jamii, na mara moja kando ya barabara huko Karen, ambako watazamaji wetu walikuwa walinzi wa mageti na watunza bustani waliosimama na makasi yao mkononi. Sheria za mradi zilikuwa chache na hazikuwa na huruma. Ukikosa siku moja bila ruhusa, unaonywa. Ukikosa mbili, jina lako linafutwa na anayesubiri anachukua nafasi. Ukifiwa na mzazi unapewa siku tano, ukirudi unakuta jina lako palepale. Niliisoma sheria hiyo ya mwisho siku ya kwanza, nikaipita bila kufikiri.

Maana mama yangu alikuwa hai. Alikuwa nyumbani kwetu magharibi, kwenye nyumba aliyoolewa, na kila Jumapili baada ya kanisa alinipigia simu. Hakuwa na mengi. Angeniuliza, "Umekula?" Nikimjibu nimekula, angeniuliza nimekula nini, na hapo ndipo angenikamata. Kisha angenieleza nani amezaa, ng'ombe wa nani ameingia shamba la nani, na angekata simu bila kuaga kwa sababu aliona kuaga kwenye simu ni kupoteza salio. Zipo wiki ambazo hiyo ndiyo ilikuwa simu pekee iliyolia chumbani kwangu. Mjini nilifahamiana na watu wengi sana, lakini walikuwa watu wa kazi, na kazi ilipokwisha nao wakaisha.

Sasa nieleze nilivyojiingiza matatani.

Mchezo wetu uliandikwa na kamati, na ulikusudiwa kuwafundisha wananchi kuandikisha urithi wa ardhi mapema. Mama wa nyumba amekufa, watoto wanagombania shamba. Siku ya tatu baada ya mazishi wanakaa pamoja, mjomba anamnyoa mtoto wa kwanza kwa niaba ya wote, kisha anawasuluhisha na kuwapeleka kwa ofisa. Mwandishi mmoja alikuwa wa kwetu, ndiye aliyeingiza kunyoa. Kwetu, mtu akizikwa, siku ya tatu wafiwa hunyolewa. Wazee husema nywele zile zimepata pumzi ya marehemu. Kinyozi huanza na mtoto wa kwanza, akamaliza na wa mwisho, na hapo ndipo kilio kinapofungwa na watu wanaruhusiwa kurudi kwenye shughuli zao.

Tuligawiwa sehemu zetu katika ofisi moja ya katikati ya jiji, kwenye chumba kilichojaa majembe mapya. Sehemu ya mjomba alipewa mzee mmoja wa kwetu, mwigizaji wa redio wa zamani. Sauti yake niliisikia tangu nikiwa shule ya msingi, na sasa alikuwa amevaa rifleksa kama yangu. Sehemu zikaisha moja moja. Ikabaki ya mtoto wa kwanza, yule anayenyolewa, na vijisehemu viwili, na tulikuwa wanaume watatu bado hatujapata kitu.

Wa kwanza alikuwa jamaa wa Kitui, mwigizaji mzuri kunishinda. Alikataa papo hapo. "Madam, hapana. Mum yangu ako na presha. Mimi kukalia hiyo kiti ni kumchuria, ni kumwitia kifo."

"Lakini ni acting tu," madam akasema.

"Ni acting yangu, si yake."

Wa pili naye akatikisa kichwa, akasema apewe hata sehemu ya mbuzi. Kisha mzee wa redio, aliyekuwa amekaa kimya kwenye rundo la magunia, akasema asichoulizwa.

"Na mimi sishiki kichwa cha mtu mwenye mama. Hata kwa mchezo. Mtafuteni asiye na mama, ama mnitoe."

Madam akatutazama sote. Alikuwa amechoka na saa sita ilikuwa inakaribia. "Haya basi. Nani hapa hana mama?"

Nikainua mkono.

Nataka kusema ukweli hapa, maana nimeshausema uongo wa kutosha. Sikuinua mkono kwa sababu ya njaa peke yake, ingawa njaa ilikuwepo. Niliinua pia kwa kiburi. Niliwaona wale wenzangu ni washamba, watu wazima wanaoogopa kiti. Mimi nilikuwa mtu wa jukwaa. Nilikuwa nimeshakufa mara nyingi mbele ya wanafunzi, nikafufuka nikala chapati. Nikajiambia neno ni neno tu.

"Mimi sina," nikasema.

"Na baba?" mzee akauliza.

"Wote." Baba alikuwa amekufa kweli, zamani, na kumtaja kulikamilisha uyatima wangu.

Wakanipa pole, mmoja mmoja, na jamaa wa Kitui akanishika bega. Mzee alinifuata nje, akanisalimia kwa lugha ya kwetu, akataka kujua mama alikufa mwaka gani, kwa ugonjwa gani, amelazwa upande gani wa boma. Nikamjibu yote. Nilimpa mama kifua, nikamzika upande wa kushoto wa nyumba, nikamwekea na mti. Ulimi haukuteleza hata mara moja. Yeye akatikisa kichwa polepole na kuniambia kwamba kuwa yatima ni kazi ya maisha yote, haina umri.

Tangu siku hiyo akanichukua. Alinihifadhia nafasi kwenye kivuli. Alileta viazi vitamu vilivyochemshwa, vimefungwa kwenye gazeti, akanimegea kipande kikubwa. Mara nne kwa siku nilikaa kwenye kigoda mbele yake, akanimwagia maji kidogo kichwani kwa kikombe cha bati, akanikwangua kwa wembe wa ubao uliobandikwa karatasi ya rangi ya fedha. Nywele zangu wakati huo zilikuwa nyingi. Alikuwa na mkono mwepesi, na alikuwa na tabia ya kuniziba paji la uso kwa kiganja ili maji yasiniingie machoni. Nikiri kwamba nilipenda kushikwa kichwa. Siku nyingi hakuna binadamu mwingine aliyenigusa kati ya asubuhi na kulala kwangu. Nilikuwa nimepata rafiki, na nilimpata kwa kumzika mama yangu, na Jumapili mama akipiga simu nilimwambia kazi ni nzuri, nimepata mzee wa kwetu anayenilisha.

"Msalimie," mama akasema. "Mwambie asante."

Sikuzifikisha salamu zake.

Mwezi wa pili wa mradi, Jumanne moja, tulikuwa Upper Hill, tukiigiza nje ya zahanati ndogo kwa watu waliosubiri kuitwa. Baada ya mchezo wa pili nikakuta simu za ndugu yangu anayenifuata, tano, na yeye si mtu wa kupiga simu. Nikaenda nyuma ya tangi la maji nikampigia. Akaniambia mama ameanguka asubuhi akitoka kukamua, na kabla hawajapata gari alikuwa ameshaondoka.

Nilisimama pale na rifleksa yangu. Kwa mbali nilimsikia madam akituita mchezo wa tatu. Nikajikaza kisabuni, nikaenda nikakaa kwenye kigoda, na mzee akanimwagia maji kichwani, na nikalia. Mchezo haukuwa na mahali pa kulia kwa mtoto wa kwanza, alitakiwa kukasirika. Mwanamke mmoja kwenye benchi akasema, "Huyu anajua." Mzee alinikazia kiganja kwenye paji la uso, akadhani nimemkumbuka yule marehemu wa zamani niliyemtungia.

Hapo ndipo nilipoelewa nilichokuwa nimefanya. Siachi kuamini kwamba mama alikufa kwa ugonjwa wa moyo, kama alivyosema daktari wa mochari. Nalijua hilo. Lakini nilijua pia kwamba pole zote za mji huu nilikuwa nimeshazitumia. Sikuwa na mtu wa kumwambia nimefiwa, kwa sababu wote niliowajua walijua nilifiwa zamani. Siku zangu tano za mradi zilikuwa zimefutwa na mkono wangu mwenyewe. Kama ningesema ukweli, ningefukuzwa kwa kudanganya, na lile halikuniogopesha sana. Kilichoniogopesha ni uso wa mzee.

Mazishi yalipangwa Jumamosi ya wiki iliyofuata. Nilimwendea madam kuomba ruhusa ya Ijumaa. Ningeweza kusema nimefiwa na shangazi, siku moja ningepewa bila maswali. Lakini shangazi alikuwa hai, na mimi sikuwa tena na ujasiri wa kumtaja mtu aliye hai pamoja na kifo.

"Ni harusi," nikasema. "Ya binamu."

Madam akafurahi kuliko nilivyotarajia. "Aki si basi utuletee keki! Lakini Monday uwe hapa. Unajua vile ofisi wanakaa."

Nikamwambia nitakuwepo.

Tulimzika mama upande wa kulia wa nyumba. Sitaeleza mazishi, mazishi ya kwetu yana kelele nyingi na mimi nilikuwa kimya. Wanawake walipoimba, nilijikuta naangalia wamesimama vipi, mikono yao iko wapi. Nilijichukia kwa hilo, na bado niliangalia.

Jumapili asubuhi nilibeba begi langu. Shangazi, dada ya baba, mwenye sauti isiyohitaji kipaza sauti, alinikuta mlangoni.

"Unaenda wapi na kichwa hicho?"

"Kazini, shangazi."

"Kesho ni kunyoa. Wewe ndiye kifungua mimba. Kinyozi ataanzia wapi?"

"Aanze na anayenifuata."

"Anayekufuata anamfuata nani kama wewe hupo?" Akaniangalia kutoka juu mpaka chini. "Ni kazi gani hiyo isiyojua kwamba mtu amefiwa?"

Ile kazi ilijua. Ilijua kabla yetu sote. Ndugu yangu alisimama nyuma yake, mikono mfukoni. Alinisindikiza mpaka barabarani na kunibebea begi, na basi lilipokuja akapitisha begi dirishani, akaondoka kabla basi halijang'oa nanga.

Jumatatu tulikuwa ukumbi wa jamii wa Satellite, umbali wa kutembea tu kutoka kwangu, kwa mchezo mmoja tu wa alasiri. Ndugu yangu alipiga simu nikiwa njiani. "Tumemaliza," akasema. "Wameanza na mimi. Tumekuruka." Hakusema kwa ubaya. Alinipa habari, kama mtu anayekwambia mvua imenyesha.

Niliketi nyuma ya ukumbi, kwenye mawe ya ujenzi, nikisikia viti vikipangwa ndani. Mzee akaja na kikombe chake cha bati na gazeti la viazi.

"Harusi ilikuwaje?"

Nilikuwa na majibu. Nilikuwa na rangi ya gauni, wimbo wa kuingilia, mjomba aliyelewa. Yote yalikuwa tayari mdomoni, na nikachoka. Sijui kueleza vizuri zaidi ya hapo: nilichoka kuwa peke yangu ndani ya maneno yangu.

"Hapakuwa na harusi," nikasema. "Nilienda kumzika mama."

Alidhani ninamzungumzia mama wa kambo, au shangazi aliyenilea. Akaanza kunipa pole. Ikabidi nimkatize, nimweleze kwa lugha ya kwetu ili asielewe vibaya. Nikamweleza mkono nilioinua, kifua nilichotunga, mti nilioupanda juu ya kaburi lisilokuwepo. Nikamweleza kwamba saa ile ile nyumbani walikuwa wanafagia nywele za ndugu zangu na zangu hazikuwemo.

Aliweka kikombe chini.

"Siku ya kwanza nilipokushika kichwa," akasema, "alikuwa hai?"

"Alikuwa hai."

"Na ile siku ya Karen, kando ya barabara? Na sokoni?"

"Alikuwa hai, mzee."

"Mkono huu," akasema. Aliutazama mkono wake wa kulia, akaugeuza. "Niliwaambia mbele ya watu. Niliwaambia mtafuteni asiye na mama. Wewe ulinisikia?"

"Nilikusikia."

"Ulinisikia."

Nilitaka anitukane. Ningeweza kubeba matusi. Nimetukanwa na watu wakubwa kuliko yeye. Yeye akainuka, akajipangusa suruali, akatembea kuelekea kwenye kioski cha ng'ambo ya barabara, katikati ya saa za kazi, bila ruhusa. Nikadhani ameondoka. Madam akatoka mlangoni, kalamu sikioni. "Mzee ako wapi? Watu wamejaa!" Nikasema sijui. Ukumbi ulikuwa umejaa kweli, akina mama wa kanisani na leso zao, mafundi, vijana waliokosa kibarua siku hiyo. Wengi walikuwa watu wa kwetu. Nilisikia lugha yetu kutoka benchi hadi benchi.

Mzee akarudi. Hakunitazama. Tukaingia.

Mchezo ulienda kama kawaida mpaka kwenye kigoda. Nikaketi, nikaanza maneno yangu ya hasira kuhusu shamba. Akanimwagia maji, mengi kuliko siku zote, yakanishuka mgongoni. Kisha nikasikia karatasi ikichanwa karibu na sikio langu, ile karatasi nyembamba inayofunikia wembe mpya, na maneno ya shamba yakaniishia.

Alianza mbele, juu ya paji la uso. Ulikuwa wembe mtupu wa kiwandani, hauna mpini, ameushika kwa vidole viwili, na hakuwa na sabuni. Uliuma. Nywele zilianguka mapajani mwangu zikiwa zimelowa, na nilizitazama kama si zangu. Hakuniziba paji la uso safari hii. Maji yaliniingia machoni na damu kidogo ikafuata. Wenzetu jukwaani walisimama kama walivyokuwa. Jamaa wa Kitui, aliyekuwa amepewa sehemu ya ofisa wa ardhi, alishikilia faili lake kifuani na mdomo wazi.

Kunyoa kichwa kizima kwa wembe mtupu kunachukua muda, na katika muda wote ule hakuna aliyekohoa. Sikuigiza chochote. Sikujua mikono yangu iko wapi.

Alipofika kisogoni, mzee alitakiwa kusema maneno ya kamati, kuhusu umoja wa familia na umuhimu wa hatimiliki. Hakuyasema. Alizungumza kwa lugha ya kwetu, kwa sauti ya chini, sauti ile ya redio, na hakuwa anazungumza na mimi.

"Mama wa huyu," akasema, "tusamehe. Tulikuwa tunacheza."

Mama mmoja wa mstari wa mbele akajifunika mdomo kwa leso. Wengine wawili au watatu waliinamisha vichwa. Nilitamani waimbe. Sijawahi kutamani kitu maishani kama nilivyotamani mmoja wa wale akina mama aanze kuimba, maana walizijua nyimbo, walizaliwa nazo, na kama mmoja angeanza wengine wangemfuata na mimi wangenililia pamoja na mama yangu kama mtu yeyote.

Kijana mmoja nyuma akapiga makofi.

Wakamfuata. Ukumbi mzima ulisimama, ukapiga makofi na miluzi, simu zikainuliwa kunipiga picha. Mtu akapaza sauti, "Hawa wamesoma!" Na mimi, kwa mazoea ya miaka ishirini, niliinuka kwenye kigoda nikainamisha kichwa kilichonyolewa, kuwashukuru.

Nje, madam alinikumbatia. Macho yake yalikuwa mekundu. "Wah. Nimelia, aki. Hiyo ndiyo ofisi wanatakanga! Kesho mrudie hivyo hivyo." Kisha akakitazama kichwa changu vizuri, akaanza kuwaza. "Ama tutafute wig."

Mzee alikuwa amebaki ndani, amepiga magoti jukwaani. Aliokota nywele zangu zote, hata zile zilizonasa kwenye nyufa za mbao, akazifunga kwenye lile gazeti la viazi. Akatoka, akasemezana na madam pembeni mpaka madam akakubali kwa kichwa, kisha akaniwekea kifurushi mkononi.

"Zipeleke kwenu," akasema. "Usizitupe huku. Mpe ndugu yako, atajua pa kuziweka."

"Mzee, pole," nikasema. Ni neno ninalolijua vizuri mno, nimeshalisema kwa kila sauti iliyopo. "Pole sana."

"Mimi nimeomba kuhamishiwa kile kikosi cha Eastlands, cha mchezo wa kunawa mikono. Madam amekubali. Naanza kesho." Alivua rifleksa, akaikunja mara mbili, akaiweka kwapani. "Umenyolewa. Sasa wewe ni mfiwa kama watu wengine."

Akanipita. Nikamwita, kwanza kwa heshima, kisha kwa lile neno la kwetu la kumwita ndugu ya mama, ambalo sikuwa na haki nalo. Wenzetu walikuwa wakicheka na kupongezana mlangoni, na jamaa wa Kitui alinipigia kelele niende tukanywe chai, leo chai ni juu yake. Mzee alikuwa ameshavuka barabara. Katika jiji lote lile ni mtu mmoja tu aliyejua kwamba nimefiwa na mama, na nilisimama na nywele zangu mkononi nikamwangalia akienda kituoni, mpaka basi lake likaja.